Tapi, Vumbi na Maji Kidogo: Akili ya Maboyi wa Elisabethville

Neno la kuanza

Katika vitabu vya shirika letu tumesoma mambo mengi juu ya ndoa, juu ya matanga, juu ya majina ya heshima na juu ya vyakula. Mara hii tunaleta jambo ambalo wengine wataliona dogo: namna watu wa Lubumbashi walivyosafisha mikeka na tapi zao tangu muji ulipoanzishwa. Tapi ni kile watu wa pwani wanaita zulia. Musomaji asicheke mbio. Ndani ya kazi hii kuko historia ya watu wengi waliotumika kimya, na kuko akili ambayo tunaanza kuipoteza wakati ule ule tunaihitaji zaidi.

Neno letu ni moja. Wazee wetu walijua kusafisha tapi kwa maji kidogo sana, na hawakushika njia moja tu. Walipanga njia tatu ao ine, moja nyuma ya ingine, kila moja na kazi yake. Leo mafundi wa Ulaya na Marekani wanafundisha mupango wa namna hiyo katika masomo yao, na kuuza mashini za bei kali. Kwetu akili hiyo ilikaa ndani ya boyeri, ile nyumba ndogo ya nyuma, na ni wachache walioona kama inastahili kuandikwa.

Mbele ya tapi kulikuwa mukeka

Mbele ya kuona tapi, watu wetu waliketi juu ya mukeka. Mukeka ulikuwa kitanda, kiti, meza na mahali pa kupokea mugeni. Mutoto alizaliwa juu ya mukeka na marehemu alilazwa juu yake. Kwa upande wa maziwa ya Upemba, ambako mafunjo na matete ni mengi, watu walisuka mikeka kwa majani hayo. Watu wa Kasai walikuwa na rafia, na Wakuba waliitumia kwa vitambaa vyenye manyoya laini ambavyo leo viko katika miziyamu za dunia nzima. Kule pwani walisuka kwa ukindu. Vifaa vilitofautiana, lakini sheria ilikuwa moja: mukeka haufuliwe sawa nguo.

Sababu yake ni wazi. Majani makavu yakinywa maji yanavimba, yanalegea, kisha yanaoza ndani kwa ndani. Madoa meusi ya ukungu yanatokea, na harufu haitoke tena. Njo maana mama wa kijiji alikunguta mukeka asubuhi, aliupiga kwa fimbo nyembamba upande wa nyuma, aliuanika juani pande zote mbili ili kunguni wakimbie, na mahali penye doa alipanguza kwa kitambaa chenye maji kidogo. Alimaliza kazi yote bila kujaza hata kopo moja.

Hapa kwetu hali ya hewa nayo ilifundisha. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200 kutoka usawa wa bahari, na mwaka wake umegawanyika wazi. Mvua inanyesha kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu. Kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa ni kavu kabisa, na upepo unabeba ule bulongo mwekundu tunaoujua wote. Kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa na maadui wawili: wakati wa mvua kitu kilicholowa hakikauke, na wakati wa kiangazi vumbi linaingia hata mulango ukifungwa. Mutu aliyekua katika hali hiyo alijua mapema kwamba vumbi na maji havikutane.

Nyumba ya muzungu na kazi ya boyi

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1910 reli kutoka kusini ilifika hapa, na mwaka ule ule muji wa Elisabethville ulianza. Mwaka wa 1911 fabriki ya kuyeyusha shaba iliwasha moto wake wa kwanza kando ya muto Lubumbashi. Pamoja na reli walifika wazungu na vitu vyao vya nyumba: masanduku, viti vya kupumzikia, vyombo vya meza, na tapi za manyoya ya kondoo.

Nani alisafisha tapi hizo? Katika Elisabethville, sawa katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kazi ya nyumba ya muzungu ilikuwa kazi ya wanaume. Waliitwa maboyi, hata kama mwenyewe alikuwa baba wa watoto sita. Walitoka vijijini, ambako kufagia na kuanika mikeka kulikuwa kazi ya mama na dada zao. Mu muji walijikuta wanafanya kazi hiyo kwa mushahara, na juu ya kitu ambacho hawakukiona mbele. Wengi walilala katika boyeri, nyuma ya nyumba ya bwana, sababu muji wa wazungu na cité ya weusi vilitengwa. Kutoka mwaka wa 1921 cité ilihamishwa mahali ambapo leo ni Kamalondo, na katikati kuliachwa eneo tupu la kutenganisha.

Tapi kwa boyi ilikuwa jambo la hatari. Tapi moja nzuri ilipita mushahara wa miezi mingi. Ikiharibika, feza ilikatwa, ao kazi iliisha. Tena, amri ya 16 Machi 1922 juu ya mikataba ya kazi iliweka malipizi ya gereza kwa mutumishi aliyevunja wajibu wake. Kwa hiyo boyi hakuwa na nafasi ya kujaribu-jaribu. Alipaswa kujua. Na maarifa hayo aliyapata njia mbili: madame alimwonyesha desturi za Ulaya, na yeye mwenyewe alikumbuka mukeka wa mama yake. Pale mafundisho mawili yalipokutana, ufundi ulizaliwa.

Juu ya maisha ya watu hao kuko kitabu kimoja ambacho kila mwalimu wa historia hapa angepaswa kukijua. Mwaka wa 1965 chama cha maboyi wa zamani kilitoa Vocabulaire de ville de Elisabethville, kazi ya André Yav, katika Kiswahili chetu cha hapa. Kinaeleza historia ya muji kwa macho ya watu waliotumikia ndani ya nyumba za mabwana. Johannes Fabian alikichapa tena mwaka wa 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanafunzi wa mbali wanakisoma kuliko wanafunzi wa Kenya na Katuba. Si kitabu cha kufundisha kazi za nyumba. Lakini kinatuonyesha kwamba maboyi wenyewe waliona maisha yao ni historia, na wakaiandika bila kungoja ruhusa ya mutu.

Utaratibu wenyewe

Tulipoongea na wazee, wengine wakiwa watoto wa maboyi, mupango waliotutajia ulifanana sana kutoka kwa mumoja mpaka kwa mwingine. Tunauandika hapa hatua kwa hatua, pamoja na sababu, kwa kuwa sababu njo inapotea mbele ya yote.

Hatua ya kwanza ni kutosha vumbi kavu. Tapi inabebwa inje na watu wawili, inatundikwa juu ya kamba nguvu ao ukuta mufupi, na inapigwa upande wa mugongo kwa fimbo pana ya mwanzi uliosukwa. Mugongo kwanza, sababu muchanga umejificha ndani, chini ya manyoya. Ukipiga mugongo, unasukumwa kutoka. Ukipiga uso kwanza, unazidi kuingia. Muchanga huo ni adui mubaya kuliko doa. Kila chembe ni sawa kisu kidogo: watu wakikanyaga, inakata nyuzi kwenye shina, na tapi inakonda mahali pa kupitia hata kama inaonekana safi.

Hatua ya pili ni kufagia kwa kitu chenye unyevu kidogo. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikamuliwa, yakatawanywa juu ya tapi, kisha yakafagiwa kwa ufagio kufuata njia ya manyoya. Mahali pengine walitumia unga wa mbao kutoka kwa seremala, uliolowanishwa kidogo sana. Vumbi laini ambalo fimbo haikulitosha linashika kwenye unyevu huo, na halirukeruke mu nyumba. Kwa tapi yenye rangi nyeupe majani ya chai hayakufaa, sababu yanaacha rangi. Hapo walitumia unga wa mbao mweupe.

Hatua ya tatu ni kupanguza. Hapa njo ufundi wenyewe ulionekana. Sabuni ilikorogwa katika beseni mpaka povu lijae, na boyi alichukua povu peke yake, bila maji ya chini. Alilipaka kwa brosi laini sehemu moja ndogo, upana wa mukono, kisha akapanguza mara moja kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakitoe tone. Mbele ya kwenda sehemu ya pili alipitisha kitambaa kingine chenye maji safi na vinegre kidogo. Vinegre inamaliza nguvu ya sabuni inayobaki, sababu sabuni ikibaki ndani ya nyuzi inanata, na kitu kinachonata kinavuta uchafu mupya.

Doa lilishughulikiwa peke yake. Mafuta ya chakula yalifunikwa kwa talki ao wanga mukavu, yakaachwa mpaka unga unywe mafuta, kisha unga ukafagiwa. Kahawa ao divai ilifyonzwa kwa kitambaa kikavu, kwa kukandamiza. Kusugua kulikatazwa. Na siku zote walianza pembeni ya doa na kuelekea katikati, ili doa lisitanuke. Wengine walitumia petroli kwa kutosha mafuta. Hii hatuwezi kuishauri: moshi wake ni sumu, na moto wake umechoma nyumba.

Hatua ya mwisho ni kukausha. Tapi ilitundikwa mahali penye upepo na kivuli, sababu jua kali linakula rangi. Ikikauka ilipigwa brosi kavu ili manyoya yasimame. Mupango wote, ukianza asubuhi, ulimalizika mbele ya chakula cha jioni, na tapi ilirudi salo ikiwa kavu.

Musomaji aone sasa kwa nini hatua hazibadilishane nafasi. Mutu akianza na povu mbele ya kutosha vumbi, anatengeneza tope ndani ya tapi. Mzee mumoja wa Katuba alitusemea hivi: "Vumbi kavu inasikia fimbo. Ukiitilia maji, inakuwa bulongo, na bulongo haina masikio." Na mutu akiishia kwenye fimbo tu, mafuta ya miguu na moshi wa mukaa vinabaki. Hakuna njia moja iliyotosha. Nguvu ilikuwa katika kuziunganisha.

Wenzetu wa mbali walifika wapi

Tusifikiri kwamba Ulaya walizaliwa na mashini mukononi. Katika karne ya 19 watumishi wa huko nao walitawanya majani ya chai juu ya tapi na kupiga kwa fimbo, na ni desturi hiyo iliyofika hapa pamoja na masanduku ya madame. Mwaka wa 1876 Melville Bissell wa Grand Rapids, Marekani, alipata hati ya ufagio wa magurudumu wenye brosi inayozunguka. Mwaka wa 1901 Hubert Cecil Booth wa London alitengeneza mashini ya kunyonya vumbi. Ilikuwa kubwa mpaka ilivutwa na farasi, ikasimama barabarani, na mabomba yakaingizwa kupitia dirisha. Mwaka wa 1902 ilitumiwa kusafisha tapi za Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa mufalme Edward wa Saba. Kutoka hapo zilikuja aspirateri ndogo tunazozijua.

Kisha wenzetu walipita katika kosa ambalo sisi tunalifanya leo. Walipopata mashini za kumwaga maji ya moto na kuyavuta, wengi waliona maji mingi njo usafi. Lakini tapi za zamani zilikuwa na mugongo wa juti, na juti ikilowa sana inakunjamana na kutoa rangi ya kahawia mpaka juu. Tena, maji yanapokauka yanapanda ndani ya nyuzi na kubeba uchafu wa chini, hivyo doa lililopotea leo linarudi kesho kutwa. Na kitu kikikaa na maji siku moja ao mbili, ukungu unaanza.

Njo maana mafundi wao walirudi kwenye njia za maji kidogo. Kuko unga wenye unyevu unaotawanywa, unasuguliwa, kisha unanyonywa kwa aspirateri: huyo ni ndugu wa majani ya chai. Kuko povu kavu: huyo ni ndugu wa povu la beseni. Kuko mashini inayozungusha kitambaa kizito juu ya tapi, na kitambaa kinabeba uchafu: huyo ni ndugu wa mukono wa boyi. Na kuko dawa mupya kabisa, ambayo ikikauka inafunga uchafu ndani ya punje ngumu, na punje zinatoka kwa aspirateri. Hii wazee wetu hawakuwa nayo. Lakini fundi muzuri wa leo anafundishwa nini? Tosha kwanza vumbi kavu, tumia njia moja kwa uchafu wa kila siku na ingine kwa doa, lowanisha kidogo, kausha mbio, na uachie maji mingi kwa nafasi chache. Mupango ni ule ule.

Tapi inaingia katika salo yetu

Namna gani tapi ilitoka kwa muzungu na kuingia kwetu? Njia ya kwanza ilikuwa ya mutihani. Kutoka mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae na bibi zao ndani ya kambi, na nyuma yake masomo ya kazi za nyumba kwa wanawake yaliongezeka. Mwaka wa 1948 serikali ya koloni iliweka karata ya sifa ya uraia, na mwaka wa 1952 amri ya immatriculation. Mwenye kuomba immatriculation alitembelewa nyumbani. Watu wa tume waliangalia chumba, meza, vyombo, hata choo. Usafi wa salo ukawa ushuhuda kama mutu "amestaarabika". Ni aibu kubwa ya historia hiyo, kwamba watu walewale waliosafisha nyumba za watawala kila siku walipaswa kuonyesha kama wanajua usafi.

Njia ya pili ilifuata uhuru wa 1960. Muji uliitwa Lubumbashi kutoka mwaka wa 1966, na salo ikawa fahari ya kila familia yenye mushahara: viti, radio, vitambaa vya kusuka, na picha ya ukutani, sawa zile Colonie belge za Tshibumba Kanda Matulu na wenzake. Wengi waliweka balatum ao sima iliyosuguliwa kwa sire nyekundu. Tapi ilikuwa ya wachache. Miaka ya 1990 Gécamines ilianguka na mishahara ikakauka, na wengi waliuza hata viti.

Njia ya tatu ni ya miaka ya 2000. Biashara ilifunguka tena, malori yakajaa Kasumbalesa, na wafanya biashara wetu walizoea safari za Dubai na China. Tapi za nyuzi za plastiki, zenye maua makubwa, zikawa bei ambayo hata mwalimu anaweza kulipa polepole. Leo zinaonekana Kampemba, Ruashi, Kenya, kila mahali. Tapi zimefika, lakini waliojua kuzitunza wamezeeka ao wamelala. Boyi hakumufundisha mutoto wake kazi ile, na tunamuelewa: alimutuma masomo ili asiifanye.

Kwa hiyo tunaona nini jumamosi? Tapi inatandikwa juu ya sima ya inje, sabuni ya unga inamwagwa, ndoo baada ya ndoo inafuata, na vijana wanaikanyaga na kuisugua kwa brosi ngumu. Maji hayo yamebebwa katika mabido na wamama na watoto, sababu katika kartiye nyingi robinet inatoa maji saa chache ao haitoe kabisa. Juu inaonekana kung'aa. Chini gundi inalegea, sabuni inabaki, muchanga umegeuka tope. Kama ni mwezi wa pili, tapi inakaa na maji siku tatu, inarudi salo na harufu, na mutoto mwenye pumu anaanza kukohoa. Nyuma ya mwaka moja inatupwa, na wanasema: "Vitu vya Dubai havina nguvu." Pengine ni kweli kwa zingine. Lakini nyingi zimeuawa na ndoo.

Vumbi la Lubumbashi

Hapa tunafika kwa jambo linalotusukuma kuandika. Vumbi la muji wetu si bulongo peke yake. Kutoka mwaka wa 1911, kwa miaka makumi, sheminé ya fabriki ya shaba ilitupa moshi juu ya kartiye zilizo upande wa upepo. Kule Penga Penga watu wanaona kwa macho ardhi iliyokataa majani, sababu madini yamejaa ndani yake. Mwaka wa 2009 watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa kusini mwa Katanga. Walioishi chini ya kilometre 3 kutoka migodi ao fabriki walikuwa na kobalti na madini mengine kwa kiasi cha juu sana. Utafiti mwingine wa mwaka wa 2014 uliangalia njia ambazo kobalti inaingia mwilini. Vyakula ni njia kubwa, na kwa watoto vumbi nalo ni njia ya maana.

Sasa tapi inakaa wapi? Chini, pale mutoto anapotambaa na kupeleka mukono kinywani. Tapi inashika vumbi lile na kulihifadhi. Kwa hiyo kazi ya kutosha vumbi imekuwa kazi ya afya, na hapa tunapaswa kusahihisha hata wazee wetu. Fimbo zao zilipiga katika yadi ya nyuma. Yadi hiyo njo ilikuwa pia mahali pa boyeri, pa moto wa kupikia, na pa watoto wa boyi. Vumbi lililotoka salo ya bwana halikwenda mbali. Salo ilisafika, na mapafu ya nyuma yakalipa. Desturi ni mali, lakini mali inahesabiwa mbele ya kurithiwa.

Namna gani basi tuunganishe ya zamani na ya leo? Tunapendekeza hivi, kwa nyumba isiyo na mashini yoyote.

Kila siku, ufagio na unga wa mbao wenye unyevu, usifagie kavu kabisa, ili vumbi lisipande. Mara moja kwa wiki, kunguta na kupiga inje, mugongo kwanza, mbali na mulango, mbali na kisima na bustani ya mboga. Mwenye kupiga afunge kitambaa juu ya pua, asimame upande upepo unakotoka, na watoto wasikaribie. Mara moja kwa mwezi, povu na kitambaa kilichokamuliwa, sehemu kwa sehemu, kisha vinegre na maji safi. Ndoo moja inatosha tapi ya salo. Maji machafu yasimwagwe kwenye mboga. Kufua kwa maji mingi kuachwe kwa kiangazi, mwezi wa sita ao wa saba, pale jua na upepo vinaweza kukausha siku moja, tena nyuma ya kupiga vizuri.

Mwenye aspirateri naye ajue mipaka yake. Mufuko wa zamani na filtre iliyochoka vinameza vumbi kubwa na kupuliza laini kwa nyuma, na lile laini njo baya zaidi. Afungue madirisha, abadilishe mufuko mapema. Na siku ambayo umeme haupo, ajue kwamba majani ya chai hayahitaji prize.

Neno la kumaliza

Sisi walimu tunafundisha watoto majina ya magavana na tarehe za mikataba, na ni sawa. Lakini muji huu ulijengwa pia na mikono iliyoshika kitambaa. Katika darasa la historia, mwalimu anaweza kutuma kila mwanafunzi kwa mzee mumoja wa kartiye, aulize namna gani walisafisha nyumba, kwa kitu gani, kwa mupango gani, na walilipwa namna gani. Jibu liandikwe katika Kiswahili kilekile cha mzee, sawa vile André Yav na wenzake walivyofanya mwaka wa 1965. Mwalimu wa sayansi achukue majibu hayo na kueleza kwa nini vinegre inashinda sabuni, kwa nini unyevu kidogo unashika vumbi. Tutakuwa na kitabu kizuri kuliko hiki, na kitaandikwa na watoto wa hapa.

Na kwa wamama na wababa wenye tapi mupya salo: mufuate mupango, vumbi mbele, maji nyuma, tena kidogo. Tapi itadumu, bido za maji zitabaki kwa kupika, na mutoto atatambaa mahali safi. Jirani akishangaa na kuuliza akili hii mumeitoa wapi, musimwambie kwamba ilikuja kutoka Dubai pamoja na tapi. Mumwambie ilikuwa hapa, ndani ya boyeri.